Kibali cha Lori na Haki ya Mtaa

Dar es Salaam ni mji ulioneemeka kwa bandari yake, na mwenye insafu hawezi kulizungumza lori kwa chuki katika mji huu, maana shehena za Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi na Malawi huchukuliwa bara kwa magurudumu, na kila nondo, kila mfuko wa saruji na kila tripu ya mchanga iliyoinua nyumba zetu kutoka Mbagala hata Bunju ilifika ilipo juu ya lori. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa si mashtaka juu ya wasafirishaji, wala si dua kwamba malori yafukuzwe mjini. Ni rai juu ya jambo moja ambalo kwa muda mrefu limekaa kama halina mwenyewe, nalo ni uzito unaopitishwa juu ya barabara ndogo za mitaa, na namna ruhusa ya kuupitisha inavyotolewa, inavyopuuzwa, au isivyoombwa kabisa.

Sheria tunazo, na katika barabara kuu sheria hizo zina meno. Mwaka 2013 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari, na Tanzania ikaanza kuitekeleza mwaka 2019. Kwa sheria hiyo gari lolote, hata liwe kubwa namna gani, bila kibali maalumu halina ruhusa ya kuzidi tani 56 pamoja na mzigo wake, wala ekseli 7. Ekseli ya usukani isibebe zaidi ya tani 8, ekseli moja yenye matairi mawili kila upande isizidi tani 10, ekseli mbili zilizofuatana zisizidi tani 18, na tatu zilizofuatana zisizidi tani 24. Dereva anayetoka mjini kwa Barabara ya Morogoro anajua kwamba mbele yake iko mizani ya Vigwaza, ambako lori hupimwa kwanza likiwa katika mwendo, na likitiliwa shaka huamriwa kuingia kwenye mizani ya kusimama, na kwamba likikutwa limezidi litatozwa, na mzigo utapunguzwa au kupangwa upya kabla halijaruhusiwa kuendelea. Dereva huyo, na tajiri wake, hupiga hesabu kabla ya kuondoka. Hapo sheria imetimiza kazi yake, kwa kuwa imemfanya mtu afikiri kabla ya kutenda, na hilo ni bora kuliko kumtoza baada ya hasara kutokea.

Lakini Vigwaza iko mkoani Pwani, na lori linaloharibu mtaa halifiki Vigwaza. Tipa linalopakia mchanga pembezoni mwa mji na kuumwaga Goba, Kivule au Chamazi hukamilisha safari yake yote bila kukutana na mizani hata moja. Barabara linazopita, kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, si barabara za taifa bali ni za wilaya, na tangu mwaka 2017 zimekuwa chini ya TARURA, wakala uliozipokea kutoka mikononi mwa halmashauri. Silaha ambayo wakala huo umepewa dhidi ya uzito, kwa kadiri raia anavyoweza kuiona kwa macho, ni kibao cha duara jekundu kinachosema kwamba mwisho ni tani 10.

Nakiheshimu kibao hicho, kwa sababu aliyekisimamisha alitaka kuiokoa barabara. Walakini haifai kukitazama bila kukipima pamoja na gari lenyewe. Tipa la ekseli tatu, lile tunaloliona kila siku likipinda kuingia vichochoroni kwetu, aghalabu lina uzito wa tani 11 likiwa tupu, kabla halijapakia hata punje moja ya mchanga. Basi kibao kimelikataza hata kurudi nyumbani. Na kwa kuwa hapana mtu awezaye kujenga nyumba ya matofali bila mchanga na kokoto, na kwa kuwa mchanga wenyewe hauji kwa mkokoteni, matokeo yake ni kwamba mji mzima unajengwa kwa kuivunja amri iliyoandikwa penye kona ya kila mtaa. Anayejenga anajua, fundi anajua, dereva anajua, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anajua, na askari aliyesimama njia panda anajua pia. Amri ikishakuwa hivyo, yule mchache anayetaka kuitii hana pa kuanzia, na yule mwingi asiyejali hupata kisingizio kilicho tayari, kwamba haitiiki. Asiyeweza kupita na tani 11 bila kuvunja sheria, kitu gani kitamzuia asipite na 35?

Na 35 si idadi niliyoitia chumvi. Bodi la tipa la namna hiyo huweza kuchukua mita za ujazo 15, na mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito unaokaribia tani 1.6. Ukijaza bodi umebeba tani 24. Ongeza tani 11 za gari lenyewe, umefika 35. Sheria ya Afrika Mashariki ingeliruhusu gari hilo tani 26 tu, yaani 8 mbele na 18 nyuma. Na hapo nimesema mchanga mkavu. Ule unaochimbwa baada ya mvua, wenye maji yanayochuruzika nyuma ya bodi njia nzima, ni mzito zaidi, nao ndio unaoletwa katika miezi ambayo barabara imekwisha dhoofika kwa maji.

Hapa ndipo inapolazimu kueleza jambo ambalo wahandisi wanalifahamu vyema na ambalo umma wa watu wa kawaida haukuelezwa. Baina ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois nchini Marekani, zilijengwa barabara za majaribio zenye unene wa namna mbalimbali, na wanajeshi wakaendesha juu yake, usiku na mchana, malori yenye uzito tofauti uliopimwa sawasawa, ili ijulikane ni kiasi gani cha mzigo huvunja kiasi gani cha njia. Yaliyopatikana pale yamekuwa msingi wa usanifu wa barabara katika nchi nyingi tangu wakati ule, nayo kwa ufupi ni haya: uharibifu haupandi sambamba na uzito wa ekseli, bali hupanda takriban kwa kipeo cha nne. Ekseli iliyopaswa kubeba tani 10 ikibebeshwa 12, mtu angedhani ameongeza madhara kwa sehemu ya tano. Kumbe ameyaongeza maradufu. Ekseli ya gari dogo la abiria, yenye nusu tani, ukiilinganisha na ekseli ya tani 10, ni moja kwa 160,000. Ndiyo maana teksi, bajaji na daladala zaweza kupita juu ya mtaa miaka na miaka zisiuache na jeraha, kisha ujenzi wa ghorofa moja ukaumaliza mtaa huohuo katika msimu mmoja.

Rudi sasa kwa tipa letu la tani 35. Ikiwa ekseli ya usukani inabeba 8, basi zile mbili za nyuma zimebeba 27, yaani 13 na nusu kila moja badala ya 9. Hiyo ni mara moja na nusu ya haki yake, na kwa kanuni ile ya Illinois kila mpito wake ni sawa na mipito 5 ya ekseli halali. Wenye magari husema, nami nimewasikia wakisema kwa moyo safi, kwamba kubeba mzigo mkubwa kwa mara moja ni afadhali kuliko kusumbua mtaa kwa safari nyingi. Hoja hiyo inavutia sikio, lakini hesabu haiikubali. Tani 24 za mchanga zingeletwa kwa safari mbili halali, na mbili ni pungufu ya tano. Tofauti inayobaki hailipwi na mwenye lori wala na mwenye nyumba. Inalipwa na barabara.

Twende tukaione barabara yenyewe. Lami ya mtaani si kama lami ya Barabara ya Mandela. Ni ngozi nyembamba iliyotandazwa juu ya kokoto na kifusi, na chini yake ni mchanga wa Pwani ambao una nguvu maadamu ni mkavu na umeshindiliwa. Mahali pa kwanza pa kuumia ni kwenye kona, pale ambapo ekseli mbili za nyuma za tipa, ambazo hazina usukani, huburutwa kwa nguvu badala ya kupinda, na matairi yakaikwangua lami mpaka kokoto zikaanza kuonekana. Mahali pa pili ni juu ya karavati, kwa kuwa zege lake lilimwagwa kwa ajili ya magari ya watu, nalo hupasuka kwa chini, mahali ambapo jicho halifiki, likaendelea kusimama hata siku ya mvua kubwa. Mahali pa tatu ni pale bomba la maji linapokatiza njia katika kina kifupi. Udongo ukididimia bomba hujongea, maungio yake yakaachia, na maji yanayovuja yakaanza kuilowesha barabara kutoka tumboni. Tangu hapo mtaa hauhitaji tena lori zito. Hata Fuso la soda linatosha kukamilisha kazi.

Katika mtaa mmoja ninaoufahamu, uliotiwa lami baada ya wakazi kuisubiri kwa miaka, ujenzi wa jengo moja la ghorofa uliacha alama mbili za magurudumu zilizozama sambamba kutoka barabara kubwa hata mlangoni pa jengo, na hapo zikakoma. Mbele ya lango lile lami ilikuwa nzima, laini kama siku ilipotandazwa. Mvua za masika zilipokuja, maji yalisimama ndani ya zile alama mbili, na mama muuza vitumbua aliyekuwa akiweka meza yake pembezoni alihamia upande wa pili kwa sababu kila gari lililopita lilimrushia tope katika unga na moto wake. Jengo likakamilika na kupangishwa. Barabara ikabaki vile ilivyoachwa, na hapakutokea mtu aliyeitwa kuuliziwa.

Ushahidi wa nani aliyelipia lami ile haujifichi. Nyingi za barabara za mitaa zilizotengenezwa mjini Dar es Salaam katika miaka ya karibuni zimetokana na mradi wa uendelezaji wa jiji ulioanza mwaka 2015 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mkopo ni deni, na deni hilo litalipwa na watoto ambao leo wanakwenda shule kwa miguu juu ya barabara hizo. Fauka ya hayo, tangu bajeti ya mwaka 2021/22 kila lita ya petroli na dizeli inayonunuliwa nchini imeongezewa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Mwendesha bodaboda anailipa, na mama anayesaga mahindi kwa mashine ya dizeli anailipa ingawa mashine yake haikanyagi barabara kabisa. Ni dhuluma kwamba fedha iliyochangwa kwa jasho la namna hii ipondwe na magari machache ambayo wenyewe hawakuuliza njia wala hawakuulizwa uzito.

Wengine hudhani kwamba dawa ya yote haya ni kibali: kwamba mwenye mzigo mzito aende ofisini, alipe ada, apewe karatasi, na apite. Mimi natofautiana nao, na hapa ndipo penye kiini cha rai yangu. Kibali cha uzito kilibuniwa kwa ajili ya mzigo usiogawanyika. Transfoma ya kituo cha umeme haikatwi vipande. Boriti la daraja lililomiminwa kiwandani halisafirishwi nusu nusu. Mtambo wa kuchimba visima hauwezi kuacha injini yake nyuma. Kwa vitu kama hivyo mamlaka ya barabara hukaa chini, ikapima ekseli, ikachagua njia, ikaangalia madaraja, ikapanga saa na msafara wa kuongoza, kisha ikaruhusu. Hilo ni jambo la busara na hapana mwenye akili atakayelipinga. Ama mchanga, kokoto, kifusi, saruji na matofali, vitu hivi hugawanyika kwa koleo. Kumpa mtu kibali cha kuzidisha uzito wa mchanga ni kumuuzia ruhusa ya kuvunja mali ya watu kwa sababu tu hapendi kurudi mara ya pili. Mzigo unaogawanyika ugawanywe. Usiombewe kibali, wala ofisi isithubutu kukitoa.

Yaliyotokea mwezi wa Oktoba mwaka 2013 yatufae kwa mafunzo. Kwa miaka kadhaa malori yaliyozidi uzito wa ekseli kwa kiasi kisichofika asilimia 5 yalikuwa yakisamehewa tozo, na msamaha huo, ambao shabaha yake ilikuwa kufidia kujongea kwa mzigo njiani na hitilafu ndogo za mizani, ulikuwa umekwisha geuka haki katika vichwa vya wapakiaji, hata wakawa wanaujaza tangu bandarini. Waziri wa Ujenzi wa wakati ule, John Magufuli, aliuondoa. Wasafirishaji wakagoma, malori yakasimama, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaurudisha ili mizigo iendelee kwenda. Sitaki kufufua ugomvi ule wala kuhukumu nani alishinda. Nataka msomaji aone kwamba katika majadiliano yote yale palikuwa na sauti mbili, ya serikali na ya wenye malori, na kwamba mkazi wa kando ya barabara hakuwa na kiti. Aone pia jinsi nafasi ndogo iliyoachwa kwa huruma inavyojazwa na kuwa desturi ya siku zote. Ofisi ikianza kutoa vibali vya mchanga kwa ada, baada ya miaka miwili ada hiyo itakuwa sehemu ya bei ya tripu, itapitishwa kwa mwenye nyumba, na hapatakuwa na lori hata moja litakalopunguza mzigo.

Miji mingine imelikabili jambo hili. New York ina barabara zilizoainishwa kwa malori, na sehemu moja ya barabara ya juu inayopita Brooklyn, iliyokuwa ikizeeka chini ya uzito, iliwekewa mwezi wa Novemba mwaka 2023 vipimio ndani ya lami vinavyopima kila lori katika mwendo na kumpelekea mwenye gari lililozidi hati ya faini ya dola 650. Idadi ya malori yaliyozidi uzito ikashuka kwa zaidi ya nusu. Simsihi mtu aagize mitambo hiyo kwa kila mtaa wa Temeke; fedha hatuna, na hata tukiwa nazo ningeshauri zianze kwenye mifereji. Nalitaja kwa sababu linathibitisha kwamba msafirishaji, awe Brooklyn au Buguruni, ni mtu wa hesabu, na pale anapojua kwamba atapimwa hupunguza mwenyewe bila kupigiwa kelele.

Kwetu mahali pa kupima ni machimboni. Mchanga huuzwa kwa tripu, yaani kwa ujazo, ilhali sheria huhukumu kwa tani, na baina ya vipimo hivyo viwili ndimo hatia yote inamojificha, kwa kuwa mtu wa kijiko anayejaza bodi hajui amepakia tani ngapi, na dereva hajui, na mnunuzi hana haja ya kujua. Wenye meli waliutatua mkanganyiko wa namna hii zamani sana. Mwaka 1876 Uingereza, kwa juhudi za mbunge Samuel Plimsoll aliyekuwa akiwalilia mabaharia waliozama na meli zilizopakiwa kupita kiasi, ililazimisha kila meli ichorwe ubavuni mstari wa mwisho wa mzigo, na hadi leo kila meli kubwa ya mizigo inayoingia bandarini Dar es Salaam ina alama hiyo, anaisoma nahodha na anaisoma hata mtoto aliyesimama ufukweni. Kwa nini bodi la tipa lisichorwe mstari? Tipa la ekseli tatu lina haki ya kubeba kama tani 15 za mzigo, na tani 15 za mchanga mbichi hazizidi sana mita za ujazo 8, yaani nusu ya bodi au zaidi kidogo. Mstari wa rangi ndani na alama inayolingana nayo nje, vilivyopimwa na kuthibitishwa na Wakala wa Vipimo pamoja na ukaguzi wa gari, vingemwezesha mwenyekiti wa mtaa, na bibi aliyekaa barazani, kujua kwa kutazama kama lori hili limezidi. Mizani ya kuhamishika ingebaki kwa ajili ya wanaobisha.

Kibao cha tani 10 nacho kibadilishwe. Mahali penye daraja dhaifu au karavati lililopasuka kibaki, na kisimamiwe kwa nguvu zote. Kwingineko, mamlaka ieleze kwa ekseli, si kwa jumla, maana ekseli ndiyo inayovunja. Na ichague katika kila kata barabara chache za kupitisha vifaa vya ujenzi, izijenge kwa unene unaostahili, na izitangaze. Anayetaka kupeleka lori nje ya njia hizo hata mlangoni pa kiwanja chake aombe ruhusa ya njia, ambayo ni kitu tofauti na kibali cha kuzidisha uzito, na aandike humo nambari za magari, ekseli zake, jina la mtaa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Nakala ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Katika miezi ya masika, kwa barabara za udongo, ruhusa hizo zisimame, isipokuwa kwa dharura ya maji, umeme au hospitali.

Na mwenye ujenzi aweke amana. Hili najua litapingwa kuliko yote, kwa hoja kwamba linamwongezea gharama mtu anayejitahidi kujenga. Nami nasema asiyejenga ghorofa, mwenye vyumba vyake vitatu na tripu chache, asidaiwe amana yoyote, kwani mzigo wake mtaa unaweza kuuchukua ukiletwa kihalali. Lakini anayejenga jengo la kupangisha, ambaye tangu msingi hata paa ataita malori kila siku kwa mwaka mzima, aweke fedha kwa meneja wa TARURA wa wilaya kabla ya kibali chake cha ujenzi kutoka, barabara ipigwe picha mbele ya wakazi siku ya kwanza, ipigwe tena siku ya mwisho, na kilichoharibika kitengenezwe kwa fedha hiyo, salio arudishiwe. Halmashauri ndizo zitoazo vibali vya ujenzi na TARURA ndiyo yenye barabara. Leo karatasi ya mmoja haifiki kwa mwingine, na mwenye jengo hupita katikati yao.

Sijamtaja sana dereva, nami sipendi amalize kusoma akidhani nimemsahau. Yeye hulipwa kwa tripu. Anapokataa kupakia hadi juu, tajiri humtafuta mwingine, na wapo wengi wanaosubiri. Gurudumu likipasuka kwa uzito usiku, ni yeye na utingo wake wanaolala chini ya gari wakilichunga. Breki zikishindwa mteremkoni, ni yeye atakayekufa au atakayefungwa. Sheria inayomkamata yeye peke yake na kuwaacha aliyepakia, aliyetuma na aliyenunua, imekamata mkono ikaacha kichwa. Ndiyo maana nataka mstari uchorwe kwenye bodi na hesabu ifanywe shimoni, ili dereva awe na kitu cha kumwonyesha tajiri wake zaidi ya maneno, na ili mwenye shimo aliyejaza kupita alama atozwe kabla ya yeye.

Yapo mengine, kama yale matreila yanayolazwa kando ya mitaa ya Kurasini na Tabata yakingojea mzigo, yakikandamiza ukingo wa lami na kufunga mifereji. Hayo dawa yake inajulikana, ni viwanja vya maegesho nje ya makazi, na kinachokosekana ni uamuzi tu. La uzito ndilo linalohitaji fikra, na ndilo lisiloweza kungoja.

Mabaraza ya madiwani ya Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni yana uwezo wa kutunga sheria ndogo, na mchanga mwingi wa mji unatoka mkoa wa Pwani, hivyo kazi hii haiwezi kufanywa na wilaya moja peke yake. Mabaraza hayo matano na halmashauri za Pwani zikae pamoja na TARURA, wasafirishaji, wenye mashimo na wenyeviti wa mitaa, kabla mvua za Machi hazijaanza, na mkutano huo uanze kwa kuamua mambo mawili tu: mstari kwenye bodi, na amana ya jengo la kupangisha. Mengine yatafuata baada ya mtaa mmoja kuonekana umepita masika ukiwa mzima.